Baroda, Saurashtra au Gujarat: Timu Tatu za Jimbo Moja, na Ipi ya Kuifuatilia

Jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, lina timu tatu za kriketi ya daraja la kwanza (mechi rasmi za siku kadhaa), ilhali majimbo mengi ya nchi hiyo yana moja tu, na ni Maharashtra pekee inayolingana nalo kwa idadi. Timu hizo ni Baroda, Saurashtra na Gujarat yenyewe, na zote hushiriki Kombe la Ranji, mashindano ya mechi za siku nne kwenye makundi na siku tano kwenye mtoano, ambayo yalianza msimu wa 1934-35. Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuchagua timu moja ya kuifuatilia katika kriketi ya ndani ya India ana sababu ya kuanzia hapa kabla ya Mumbai au Delhi, kwa kuwa familia nyingi za Kihindi zilizovuka bahari kuja Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala zilitoka upande huu: wengine Jamnagar na Porbandar katika rasi ya Kathiawar, wengine vijiji vya Charotar karibu na Nadiad, wanakotoka akina Patel wengi. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, ikiwa na nahodha Harilal Shah, isingekuwapo bila safari hizo za majahazi na meli.

Ni vema kutoa tahadhari mapema, kwa sababu majina yanapotosha. Mtu akisikia Gujarat Titans, timu ya IPL, ligi ya India ya mechi fupi za ova 20, iliyotwaa ubingwa mwaka 2022 katika msimu wake wa kwanza, asidhani kwamba ndiyo timu ya Gujarat inayozungumzwa hapa. Nahodha wa Titans mwaka huo alikuwa Hardik Pandya, na Pandya ni mtu wa Baroda. Kabla yake palikuwa na Gujarat Lions, walioshiriki misimu ya 2016 na 2017, na uwanja wao wa nyumbani ulikuwa Rajkot, mji ambao ni makao ya Saurashtra. Anayechagua timu kwa kufuata jina la jezi za IPL atajikuta amechagua asichokikusudia.

Mipaka iliyotangulia jimbo

Ramani ya kriketi ya huko ni kongwe kuliko ramani ya serikali. Jimbo la Gujarat lilizaliwa tarehe 1 Mei 1960, Jimbo la Bombay lilipogawanywa kwa misingi ya lugha, lakini timu za kriketi zilikuwa zimekwisha kujipanga tangu zama za ukoloni, wakati eneo hilo lilipokuwa vipande vipande. Baroda ilikuwa dola tajiri ya ukoo wa Gaekwad. Kathiawar ilikuwa rasi ya falme ndogo zipatazo mia mbili, nyingine zisizozidi vijiji vichache. Ahmedabad na wilaya zinazoizunguka zilitawaliwa na Waingereza moja kwa moja kupitia Bombay. Kwa hiyo Baroda ilikuwa na mfadhili mmoja mwenye hazina kubwa, Kathiawar ilikuwa na wafalme wadogo wengi waliotaka kupitana, na Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo, haikuwa na mfalme kabisa.

Kwa maoni yangu, tofauti hiyo inaeleza sehemu kubwa ya mambo yaliyofuata. Baroda ilivuna mapema kwa sababu palikuwa na mtu wa kulipa. Saurashtra ilivuna mara mbili, kwanza kwa fedha za wafalme na tena, baada ya kiangazi kirefu, kwa wachezaji iliowalea yenyewe. Gujarat ilingoja kuliko zote. Ubingwa wa Ranji unaotambuliwa kwa majina yao ya leo ni mara tano kwa Baroda, mara mbili kwa Saurashtra na mara moja kwa Gujarat, lakini hesabu hiyo peke yake haimsaidii anayechagua, kwa kuwa manne kati ya makombe matano ya Baroda yalipatikana kabla ya 1960.

Baroda: fahari ya zamani na karakana ya vipaji

Baroda ilitwaa kombe msimu wa 1942-43, ikarudia 1946-47, 1949-50 na 1957-58. Mtawala aliwaleta wachezaji kutoka mbali na kuwapa ajira katika dola yake, na mfano mkubwa ni Vijay Hazare, mzaliwa wa Sangli, ambaye alikuja kuwa nahodha wa India na mmoja wa wapigaji waliokuwa wagumu kabisa kuondolewa. Mwenzake Gul Mohammad alitoka Lahore, na baada ya nchi kugawanyika alichezea India na hatimaye Pakistani pia.

Wawili hao ndio waliofanya jambo ambalo mpaka leo ni sababu ya kutosha ya mtu kuipenda Baroda. Katika fainali ya Machi 1947, iliyochezwa mjini Baroda dhidi ya Holkar, timu ya Indore, wageni walitolewa wote kwa mikimbio (yaani pointi) 202. Baroda nao wakaanza vibaya, wakapoteza wiketi tatu, yaani wapigaji watatu walitolewa, kwa mikimbio 91, na mashabiki wa nyumbani walikuwa na kila sababu ya kuwa na wasiwasi. Hapo Gul Mohammad, mfupi na mwepesi wa mkono wa kushoto, akaungana na Hazare, mtu wa taratibu asiyeonyesha hisia usoni, nao wakakaa uwanjani dakika 533. Walipotenganishwa walikuwa wameongeza mikimbio 577, Gul Mohammad akimaliza na 319 na Hazare na 288. Baroda walifikisha 784 na kushinda kwa zamu nzima na mikimbio 409 juu yake, yaani bila kuhitaji kupiga mara ya pili. Hakuna jozi iliyozidi ushirikiano huo katika wiketi yoyote hadi mwaka 2006, Kumar Sangakkara na Mahela Jayawardene walipofikisha 624 mjini Colombo dhidi ya Afrika Kusini, na kwa wiketi ya nne rekodi ya Baroda ingali imesimama.

Baada ya 1957-58, nahodha akiwa Datta Gaekwad, kombe halikurudi Baroda kwa miaka 43. Lilirudi msimu wa 2000-01, walipowashinda Railways, timu ya shirika la reli, kwa mikimbio 21 tu, wakiwa na kijana wa kasi aitwaye Zaheer Khan, na mwaka uliofuata Railways hao hao wakawafunga katika fainali. Kinachoipa Baroda thamani katika kipindi hicho cha karibuni ni watu inaowatoa kuliko makombe inayoyapata. Kiran More na Nayan Mongia walidaka nyuma ya vijiti kwa niaba ya India kwa miaka mingi wakipokezana. Irfan na Yusuf Pathan walikulia katika viunga vya msikiti mkuu wa Mandvi mjini humo, ambako baba yao alikuwa mwadhini, na Irfan ndiye aliyewatoa wapigaji watatu wa Pakistani kwa mipira mitatu mfululizo katika ova (mipira sita) ya kwanza kabisa ya mechi ya kimataifa mjini Karachi mwaka 2006. Kisha wakaja Hardik na Krunal Pandya. Tatizo, na shabiki mtarajiwa alijue mapema, ni kwamba wachezaji wa aina hiyo wakishafanikiwa huwa hawaonekani Baroda isipokuwa kwa wiki chache kwa mwaka, kwani timu ya taifa na IPL huwachukua.

Nje ya kriketi ya siku nyingi, Baroda iligusa Nairobi bila kukusudia. Oktoba 2024, katika uwanja wa Ruaraka, Zimbabwe waliipiga Gambia mikimbio 344 katika ova 20, rekodi ya dunia wakati huo. Haikudumu hata miezi miwili: mwezi Desemba Baroda wakawapiga Sikkim 349 mjini Indore.

Saurashtra: timu yenye mababu wengi

Historia ya Saurashtra ndiyo yenye utata kuliko zote, na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote. Kabla ya jina hilo kuanza kutumika katika Ranji msimu wa 1950-51, rasi ya Kathiawar iliwakilishwa na timu tatu kwa nyakati mbalimbali: Nawanagar, iliyokuwa timu ya Jamnagar, Western India, iliyounganisha falme nyingine, na Kathiawar. Nawanagar ilikuwa dola ya Ranjitsinhji, yule ambaye kombe zima limepewa jina lake, ingawa alifariki mwaka 1933 kabla halijaanza na umaarufu wake aliuchuma Uingereza, akiichezea Sussex na timu ya taifa ya Uingereza. Mrithi wake aliendeleza mapenzi hayo kwa fedha, na msimu wa 1936-37 Nawanagar ikatwaa ubingwa chini ya nahodha wa kulipwa kutoka Sussex, Bert Wensley. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo Vinoo Mankad, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 20 na alipiga 185 katika fainali dhidi ya Bengal, pamoja na Amar Singh, mrushaji wa kasi wa Rajkot aliyefariki mwaka 1940 akiwa na miaka 29. Western India nayo ikashinda msimu wa 1943-44.

Je, makombe hayo mawili ni ya Saurashtra? Wapo mashabiki wanaoyajumlisha na kusema wana manne. Sioni kosa kuyataja kama urithi, lakini kuyahesabu ni sawa na mjukuu kudai shahada ya babu yake. Na anayetaka kurithi ushindi wa mababu sharti arithi pia aibu yao, maana mwezi Desemba 1948, Kathiawar ilipocheza na Maharashtra mjini Poona, mpigaji B. B. Nimbalkar alifika mapumziko akiwa na mikimbio 443 bila kutolewa, akiwa amebakiza tisa tu kuifikia rekodi ya dunia ya Don Bradman ya 452. Nahodha wa Kathiawar, aliyekuwa mtawala wa Rajkot, hakutaka timu yake iandikwe katika kumbukumbu kwa namna hiyo, akakataa kurudi uwanjani na kuitoa mechi. Nimbalkar hakupata nafasi nyingine ya aina hiyo, na Kathiawar ikakumbukwa kwa lile lile ililolikimbia.

Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo Saurashtra haikuwa timu ya kuogopwa. Mabadiliko yalikuja na kizazi cha Cheteshwar Pujara wa Rajkot, mtoto wa mchezaji wa zamani wa timu hiyo hiyo, na Ravindra Jadeja wa Jamnagar, aliyejifunza katika uwanja ule ule wa kifalme wa akina Ranji na kuwa Mhindi wa kwanza kufikisha mikimbio 300 mara tatu katika kriketi ya daraja la kwanza. Hata hivyo walipoteza fainali tatu ndani ya misimu saba: 2012-13 na 2015-16 mbele ya Mumbai, zote kwa zamu nzima, na 2018-19 mbele ya Vidarbha.

Aliyewavusha ni Jaydev Unadkat, mrushaji wa kasi wa mkono wa kushoto kutoka Porbandar. Msimu wa 2019-20 alichukua wiketi 67, nyingi kuliko alizowahi kuchukua mrushaji yeyote wa kasi katika msimu mmoja wa Ranji. Rekodi aliyoivunja, ya wiketi 62, ilikuwa ya Dodda Ganesh wa Karnataka, ambaye wasomaji wa Kenya watamkumbuka kama kocha aliyetangazwa kwa timu yao ya taifa mwaka 2024 na kukaa muda mfupi sana. Fainali ilichezwa nyumbani, Rajkot, Machi 2020. Saurashtra walipiga 425, Arpit Vasavada akichangia 106, na kwa kuwa ilidhihirika kwamba mechi haitakwisha kwa siku tano, kombe lingekwenda kwa atakayeongoza katika zamu ya kwanza. Asubuhi ya mwisho Bengal walikuwa na 354 na wiketi nne mkononi, wakihitaji 72 zaidi, na milango ya uwanja ilikuwa imefungwa kwa watazamaji kwa sababu ya korona. Unadkat akamnasa Anustup Majumdar mguu mbele ya vijiti, na mipira miwili baadaye akamwona Akash Deep yuko nje ya mstari wake, akaurusha mpira kwenye vijiti na kumtoa. Bengal wakaishia 381. Viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo kelele zote zilizosikika zilikuwa za wachezaji wenyewe.

Kombe la pili, la msimu wa 2022-23, lilipatikana ugenini Eden Gardens, Kolkata, dhidi ya Bengal tena, kwa wiketi tisa, yaani wakiwa wamepoteza moja tu walipofikia lengo. Januari ya msimu huo Unadkat aliwatoa wapigaji watatu wa Delhi mfululizo katika ova ya kwanza ya mechi, jambo lisilowahi kutokea katika Ranji, siku chache baada ya kurudi kuichezea India mechi ya majaribio (Test, mechi ndefu ya kimataifa) kufuatia kungoja miaka 12.

Gujarat: waliokaa foleni

Kuhusu miongo ya mwanzo ya Gujarat nitasema machache, kwa kuwa yaliyo mazuri humo ni ya mtu mmoja mmoja. Nari Contractor alianza maisha yake ya daraja la kwanza mwaka 1952 kwa kuwapiga jirani zao Baroda mikimbio 152 katika zamu ya kwanza na 102 katika ya pili, na alikuwa mtu wa pili tu duniani kupita 100 mara mbili katika mechi yake ya kwanza. Jasu Patel aliwachukua Waaustralia wiketi tisa kwa mikimbio 69 huko Kanpur mwaka 1959, katika ushindi wa kwanza wa India dhidi yao. Lakini timu yenyewe ilifika fainali moja tu, ya 1950-51, ikafungwa na Holkar mjini Indore, kisha ikapotea kwenye fainali kwa miaka 66.

Iliporudi, Januari 2017, fainali ilikuwa Indore pale pale, katika uwanja unaobeba jina la Holkar. Msimu huo Samit Gohel alikuwa amefungua zamu dhidi ya Odisha na kubaki hadi wenzake wote wamekwisha, akiwa na 359, na hivyo kuipita rekodi ya Bobby Abel wa Surrey iliyodumu tangu 1899. Mpinzani wa fainali alikuwa Mumbai, bingwa wa mara 41, na Gujarat walitakiwa kufukuzia mikimbio 312 katika zamu ya mwisho, idadi ambayo hakuna timu iliyowahi kuifikia katika fainali ya Ranji. Nahodha Parthiv Patel alipiga 143 na wakashinda kwa wiketi tano. Patel huyu alikuwa ameichezea India akiwa na miaka 17, mwaka 2002, kabla hajacheza hata mechi moja ya Ranji, na ilimchukua karibu miaka 15 kuipa timu yake ya nyumbani kile kilichokosekana.

Upande wa vifaa, Gujarat haina mpinzani. Uwanja wa Narendra Modi mjini Ahmedabad una nafasi za watu 132,000 na ndio mkubwa kuliko wote wa kriketi duniani, ingawa mechi ya Ranji humo huonekana kama harusi iliyokodi ukumbi mkubwa kupita wageni wake. Humo ndimo, Februari 2025, Gujarat walipopoteza nusu fainali kwa namna ambayo sijaona mfano wake. Kerala walikuwa wamepiga 457. Gujarat walifika 455, wakabakiwa na jozi ya mwisho, wakihitaji mikimbio mitatu kuongoza zamu ya kwanza na kwenda fainali. Arzan Nagwaswalla akaupiga mpira kwa nguvu zake zote. Mpira ukagonga kofia ngumu ya Salman Nizar, aliyekuwa amesimama karibu kabisa na mpigaji, ukapaa juu na kutua mikononi mwa nahodha wa Kerala. Sheria inaruhusu kudaka kwa namna hiyo. Kerala wakaenda fainali yao ya kwanza kwa tofauti ya mikimbio miwili.

Ipi, basi?

Kwa mtu anayependa kumbukumbu, takwimu za kale na habari za wafalme, jibu ni Baroda, mradi awe tayari kuishi na ukweli kwamba kombe la mwisho lina zaidi ya miaka 20 na kwamba nyota wake atawaona zaidi kwenye jezi nyingine. Ana faraja ya uwanja mpya wa Kotambi, nje kidogo ya mji, ambao Desemba 2024 ulikaribisha wanawake wa India na wa West Indies. Kwa anayefuata mchezaji kuliko timu, Gujarat inamtosha, kwa sababu ni timu ya nyumbani ya Jasprit Bumrah na Axar Patel, huyu wa pili akiwa kijana wa Nadiad, mji ambao Wahindi wengi wa Kampala na Nairobi wana shangazi au binamu ndani yake.

Mimi ningemshauri aanze na Saurashtra. Kati ya timu tatu, ndiyo iliyofanya mengi zaidi katika miaka 15 iliyopita, kwa hiyo mtu anaweza kuifuatilia leo na kurudi nyuma polepole hadi kwa Mankad na Ranji bila kuhisi kwamba amefika sherehe ikiwa imekwisha. Pujara alistaafu Agosti 2025, na pengo lake ndilo jambo la kutazamwa kwanza. Msimu huanza Oktoba, na mechi za Rajkot huanza saa 3:30 asubuhi kwa saa za India, yaani saa 1:00 kamili ya Dar es Salaam na Nairobi. Ova chache za mwanzo mtu anaweza kuziona kabla hajaondoka kwenda kazini.